Mpangaji wa Chumba cha Mwisho

Mwidani alipofariki alimwachia mkewe vyumba sita vya kupangisha, na kila chumba kilikuwa na hodi yake. Hodi, Bi Mwanatabu, choo kimejaa. Hodi, bati linavuja juu ya kitanda. Hodi, huyu wa chumba cha pili amenunua friji, tokeni za stima hazimalizi wiki, na akiambiwa achange zaidi anakuja juu. Mwanatabu aliziitikia zote kwa "karibu", hata zile ambazo moyo wake ulikuwa ukizijibu "nenda zako".

Kazi hiyo hakuitaka. Mtu wa vyumba alikuwa Mwidani. Alikuwa seremala pale Likoni, na kila alipopata kazi nono alinunua matofali, akajenga chumba kimoja nyuma ya nyumba yao, akapumzika, akajenga kingine, mpaka ua ukazibwa pande tatu. Yeye ndiye aliyepanda juu ya paa. Yeye ndiye aliyepatana bei na wenye gari la kunyonya choo, na yeye ndiye aliyewasuluhisha wapangaji waliogombania kamba ya kuanikia nguo. Mwanatabu alipika, akamlea binti yao Nasreen, akamwozesha. Kisha adhuhuri moja mume akajilaza kidogo kabla ya chakula na hakuinuka tena. Mwanatabu alipotoka eda alikuta macho ya wapangaji wote yanamtazama yeye.

Sasa magoti yalikuwa yakimuuma. Kuinama kuosha choo cha watu wote lilikuwa jambo la kujipanga nalo tangu asubuhi. Nasreen, aliyeolewa Miritini, kila akija kumwamkia mama yake alikuwa na wimbo mmoja.

"Mama, uza upumzike. Na kama hutaki kuuza, mpe Najib."

Najib alikuwa wakala wa nyumba, mtoto wa jirani wa zamani, mtanashati, mwenye adabu zake. Alikwisha kuja akakaa kibarazani, akaeleza: yeye atatafuta wapangaji, yeye atawaandikia mikataba, yeye atawaita mafundi, Bi Mwanatabu kazi yake itakuwa kukaa na kusikia habari nzuri. Mwanatabu alimmiminia chai, akamwambia, "Inshallah, mwanangu, mwezi mtukufu ukishapita tutazungumza." Moyoni alikuwa keshakubali. Aliona haya tu kukitoa mkononi kitu cha marehemu kwa haraka.

Mwezi haujaandama, mlango wa Baya ukakosa kufunguka.

Baya alikaa chumba cha mwisho, karibu na choo, chumba ambacho wengi walikikataa kwa sababu ya harufu. Alikuja wakati wa Mwidani, ua ukiwa bado wazi upande mmoja. Alikuwa mpakizi wa mizigo kwenye ghala moja Changamwe, mtu mrefu, mkimya, anavuka feri alfajiri na kurudi magharibi. Hakuwahi kupiga hodi kwa Mwanatabu hata mara moja. Bati lake likivuja alipanda mwenyewe. Kabla ya kwenda kazini alifagia ua mzima bila kuambiwa na mtu, na Mwanatabu alizoea kuamshwa na sauti ya ule ufagio wa chelewa.

Siku hiyo aliamshwa na Mansur, dereva wa tuktuk aliyekaa chumba cha tatu.

"Bi Mwanatabu, shikamoo. Baya hajatoka. Nimebisha, kumefungwa kwa ndani."

Gladys naye alikuwa keshafika mlangoni, mikono imejaa unga. Alikuwa mama wa Kigiriama, mpangaji wa chumba cha kwanza, mpika mahamri. "Mimi nimesikia kitu kama mtu anakwaruza," alisema.

Mwidani alikuwa amemwonya mkewe, tena si mara moja: mlango wa mpangaji usiuvunje pasi na mzee wa mtaa kuwapo, hata iweje. Mwanatabu alisimama pale, mkono kwenye mtandio, akilikumbuka neno hilo. Mansur akapanda juu ya ndoo, akachungulia kwenye kidirisha.

"Yuko chini," akasema. "Macho yako wazi."

"Vunja," Mwanatabu akamwambia.

Walimkuta ubavuni mwa kitanda, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia kama si vyake. Alikuwa akijaribu kusema na kilichotoka ni povu. Mansur na mume wa Gladys wakambeba mpaka kwenye tuktuk, Mwanatabu akakaa pembeni amemshika bega, wakavuka feri hivyo hivyo, abiria wakiwapisha.

Hospitali walimpokea vizuri. Ni kiharusi, daktari alisema, na nafuu ipo, lakini itakuja polepole. Kisha muuguzi akashika kalamu.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si jamaa. Jamaa yake ni nani?"

Mwanatabu alimgeukia Mansur. Miaka yote ile, na hakuna aliyejua Baya ni wa nani. Walijua ni mtu wa bara ya Mombasa, wa kwao Gladys huko, basi. Sikukuu zilimkuta chumbani. Hawakuwahi kuona mgeni akimuulizia.

"Niandike mimi," Mwanatabu alisema mwishowe. Neno lilipomtoka tu akajua kulirudisha halirudi.

Baya alipoweza kumeza, aliruhusiwa kutoka, na kwa kuwa hapakuwa na kwingine, alirudishwa chumba cha mwisho. Mwanzoni ua wote ulikuwa wake. Mansur alimwogesha kabla ya kwenda kutafuta abiria, kwa kuwa hilo Mwanatabu asingeweza kulifanya. Gladys alileta uji. Watu waliingia na machungwa, wakamwambia pole, wakatoka wakinong'ona. Lakini ugonjwa ulikuwa mrefu na watu wana shughuli zao. Siku zikaenda, machungwa yakakoma. Mansur alianza kupata abiria wa mapema. Shuka zilizochafuka zikabaki kuwa za Mwanatabu. Ndio hapo Ramadhani ilimkuta amefunga, ameinama juu ya karai la maji, anafua shuka za mwanamume asiyemhusu, jua linamchoma utosini.

Hakuwa malaika. Kuna adhuhuri alimpelekea chakula, Baya akashindwa kukizuia mdomoni, uji ukamwagika kwenye shuka aliyoianua sasa hivi. Mwanatabu akaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Kwani mimi nimekukosea nini, Baya? Kwa nini mimi?"

Baya akageuza uso ukutani. Bega moja likawa linatikisika. Mwanatabu akaketi mlangoni, hana nguvu ya kuomba radhi wala ya kuondoka.

Aliyehama wa kwanza alikuwa Sabah, mwalimu wa chekechea, mpangaji wa chumba cha tano kilichopakana na cha mgonjwa. Alikuwa amejifungua karibuni. Alikuja kwa heshima, mtoto begani.

"Bi Mwanatabu, mimi sikulaumu hata kidogo. Ila anaguna, na mtoto hapati usingizi, nami nikimsikia yule mzee nashikwa na simanzi mpaka maziwa yanakauka. Nimepata chumba Mtongwe."

"Nenda mwanangu. Mungu akukuzie."

Chumba cha tano kikabaki kitupu. Waliokuja kukitazama waliuliza ni nini kile kinacholia upande wa pili, na wakishaambiwa walisema watarudi. Hakurudi mtu. Najib alipita, safari hii hakukaa, alisimama uani ameshika funguo za pikipiki.

"Bi Mwanatabu, nisamehe nikikwambia. Hili si la mwenye nyumba. Sheria haikudai hili. Mpe notisi, arudi kwao, vyumba vyote viwili vipakwe rangi. Ukingoja, utabaki na mgonjwa na nyumba tupu."

"Notisi nimpe nani? Mkono wenyewe hauwezi kuishika."

"Umpe jamaa yake."

"Ndiye ninayemtafuta, Najib! Unadhani nafanya nini hapa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumpandishia sauti. Najib akainamisha kichwa, akasema samahani, akaenda zake. Kilichomuuma Mwanatabu ni kwamba kijana hakuwa amesema uongo.

Simu ya Baya walikuwa wameshaipekua. Ilikuwa na namba ya msimamizi wa ghala na ya mwenye duka, basi. Baya mwenyewe alijaribu. Kila aliyeingia alimshika kwa mkono mzima, akavuta midomo: "Ka... ka... ha." Mansur alidhani anaomba kahawa, akamletea. Baya akaitazama kahawa ile machozi yakimtoka.

Aliyefumbua ni Gladys. Alikuwa amekaa naye alasiri, akimwongelesha Kigiriama, kwa sababu alisema hata mtu asiyeweza kujibu hufurahi kusikia maneno ya kwao. Baya akavuta tena ile ka-ka-ha yake. Gladys akamshika mkono. Kisha akamwita Mwanatabu kwa sauti.

"Si kahawa, Bi Mwanatabu. Ni jina. Anasema Kahaso. Ni mwanamke huyo."

Baya alifumba macho, akayafumbua, akambana Gladys mkono.

"Mkeo?" Mwanatabu akauliza. Mkono ukalegea. "Bintiyo?" Haukubana. "Dada?"

Mkono ukabana.

"Sasa yuko wapi? Gladys, wewe ndiwe mjuzi wa huko. Mtajie miji."

Gladys akaanza, taratibu, akiutazama mkono wake uliomo ndani ya ule mkono mkubwa. Kaloleni. Mariakani. Jibana. Kayafungo. Alipofika Mwanamwinga aliguta kwa maumivu, Baya alivyombana, na wote wawili wakacheka, na mgonjwa naye akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki.

Mwanatabu alikwenda mwenyewe. Nasreen alimkataza, akamwambia utaanguka njiani na funga yako, tuma mtu. Lakini Mwanatabu aliona habari kama hii mtu mwingine ataifikisha nusu, na nusu haitamleta mtu. Alitoka alfajiri, na jua la saa nne lilimkuta Mwanamwinga, vumbi mpaka kwenye kope, akiuliza kwa akina Baya aliyeenda Mombasa. Mwenye bodaboda mmoja akamfikisha mpaka kwenye boma lenye nyumba mbili za udongo na mwanamke aliyekuwa anaanika mahindi juu ya turubali.

Waliamkiana, mmoja kwa Kidigo mwenzake kwa Kigiriama, wakasikizana bila taabu. Kahaso alikuwa mrefu kama kaka yake. Alisikiliza habari yote amesimama, na mkono wake haukuacha kusawazisha mahindi.

"Kwa hiyo yu hai," akasema.

"Yu hai. Nusu."

"Mama yetu alilala kitandani humo," Kahaso akaonyesha nyumba kwa kidevu. "Minazi ya baba ilikuwa ya kumtibu. Baya akaiuza, akasema anakwenda Mombasa kutafuta daktari, na huko ndiko alikokwenda. Hakurudi. Mama alikufa anamwita. Mimi ndiye niliyemgeuza, mimi ndiye niliyemfulia, peke yangu. Leo umeniletea mwingine nimgeuze?"

Mwanatabu alikuwa amepanga maneno mengi njiani, ya undugu, ya damu, ya Mungu. Yote yakamkimbia. Alijiona ameketi juu ya kinu kilicholazwa bila kukaribishwa.

"Mimi sikuja kukwambia umsamehe, dada. Hayo ni yenu na siyajui. Nimekuja kwa sababu nimechoka."

Kahaso akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza: mikono iliyobabuka kwa sabuni, midomo mikavu, buibui lililojaa vumbi la njia nzima.

"Shuka," akasema. "Zinakuua mgongo, sivyo?"

"Mgongo na magoti."

"Mimi ulikuwa mgongo." Akaacha mahindi, akakaa naye. Kahaso hakumpa chakula, kwa kuwa aliijua funga, ila alimfungia unga mpya wa mahindi kwenye kitambaa, aende akafuturu nao. Alipomsindikiza njiani hakuahidi kitu. Mwanatabu naye hakumuuliza, na jioni alipoteremka feri upande wa Likoni alimwambia Gladys, "Nimerudi mikono mitupu. Nimeleta unga."

Idi ikaja ikapita. Siku chache baadaye, asubuhi, mwanamke mrefu akaingia uani na mfuko wa turubali kichwani. Hakuuliza njia; aliifuata ile sauti ya kuguna mpaka chumba cha mwisho, akasimama kizingitini. Baya alipomwona alijifunika uso kwa mkono wake mzima.

"Toa mkono," Kahaso akamwambia kwa Kigiriama. "Toa nikuone."

Hakuutoa. Kahaso akaweka mfuko chini, akapiga magoti, akautoa yeye. Walitazamana. Kisha akageuka akamuuliza Mwanatabu yaliko maji, akaingia kazini.

Mwanatabu alitazamia angemchukua kaka yake baada ya siku mbili tatu. Lakini hospitali ilikuwa imeagiza mgonjwa apelekwe kunyooshwa viungo kila wiki, na Mwanamwinga hapana njia ya kumfikisha mahali kama hapo. Jioni moja Kahaso akaja kibarazani.

"Nitakaa naye mpaka asimame. Lakini bure sikai. Kodi sina. Nipe kazi."

Mwanatabu alitaka kusema tutaona, kama alivyozoea kuwaambia wapangaji. Goti likamgutua.

"Choo," akasema. "Na ua. Na watu wa mkokoteni wa maji, maana wananipunja mitungi."

Basi Kahaso akayashika hayo. Ilikuwa kama mtu aliyeingia na panga kwenye shamba la magugu. Choo kiling'aa, na aliyekiacha kichafu aliitwa kwa jina lake uani mchana kweupe. Wenye mkokoteni waliacha kuhesabu haraka haraka. Mwenye friji alifuatwa chumbani kwake, na hakuna aliyesikia waliloambiana, ila toka siku hiyo alichanga kuliko wenzake. Wapangaji wakaanza kupeleka matatizo yao chumba cha mwisho, na Mwanatabu akawa anasikia kwa mbali, "Nini tena?", akajigeuza upande wa pili akalala. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kulala mchana bila kuwa mgonjwa.

Baya alisimama mvua za masika zikiwa zinamalizikia. Kwanza akishika ukuta, kisha mkongojo aliotengenezewa na Mansur kwa mbao zilizobaki za Mwidani. Maneno yalikuja nyuma ya miguu, tena mabovu. Kahaso hakuwahi kusema mbele ya watu kama amemsamehe. Alikuwa akimkaripia akimlisha, na Baya akikaripiwa alikula zaidi. Mwanatabu aliwahi kumuuliza lile la minazi, walipokuwa wawili tu.

"Aliniambia alitapeliwa," Kahaso akajibu. "Akaona haya kurudi. Labda ni kweli. Mimi sina nguvu za kuchunguza."

Siku ya kuondoka ua wote ulitoka. Kulikuwa na palizi inamngoja Kahaso, asingeweza kuchelewa zaidi. Gladys aliwafungia mahamri. Mansur alimwingiza Baya kwenye tuktuk, akampandishia godoro nyuma. Mwanatabu alikuja kuwaaga mlangoni mwa ua, na Baya akamshika mkono, akaanza kutafuta neno. Uso wake wote ukakunjamana kwa kazi hiyo.

"Tabu," akasema.

Mwanatabu hakujua anaitwa jina, nusu ya jina, au anaambiwa lile lenyewe lililompata kwa ajili ya mtu huyu. Alimtazama yule mzee aliyekuwa akimfagilia ua miaka yote ile na asimwombe chochote.

"Abee," akaitika.

Baya akatikisa kichwa, ameridhika. Tuktuk ikashuka kuelekea feri.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Choo kilirudi mikononi mwake, na hodi zikarudi mlangoni pake, nyingi kuliko zamani, kwa kuwa watu walikuwa wameshaonja nyumba inayoendeshwa. Alivumilia mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akampigia Najib mwenyewe, akamwambia aje na karatasi zake.

Najib alikuja baada ya alasiri, Nasreen naye akaja kutoka Miritini kushuhudia. Mwanatabu alisikiliza mkataba mzima ukisomwa. Ulipokwisha akasema, "Nitatia saini. Lakini kuna mambo mawili hayamo humu. Mpangaji hatolewi kabla sijaambiwa mimi. Na anayeingia nyumba hii aulizwe kwao ni wapi na mamake ni nani, si namba ya simu tu."

"Bi Mwanatabu, hilo la kwanza litanifunga mikono," Najib akasema. "Kuna watu utawaonea huruma, kumbe wanakula kodi yako tu."

"Najua. Nitakosea mara nyingi. Lakini unaniambia kwanza."

Najib akachukua kalamu, akayaongeza pembeni mwa karatasi kwa mwandiko mdogo. Vyumba viwili alivipaka chokaa wiki hiyo hiyo, na cha mwisho kilipata mtu upesi, muuza samaki na mkewe. Mwanatabu aliwaona siku waliyohamia, akiwa kibarazani, miguu ameinyoosha juu ya kigoda. Walimwamkia, akawaitikia. Mke alikuwa na mimba kubwa, anapanda ngazi za ua ameshika kiuno. Mwanatabu alimtazama mpaka akaingia ndani, akahesabu kimoyomoyo miezi iliyobaki, akavuta pumzi ndefu, akamwita Nasreen, aliyekuwa amekuja kumwamkia, amletee mafuta ya kuchua magoti.